Mafuta Yetu, Umeme wa Kupewa: Nusu Karne ya Madai ya Zanzibar

Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lilifanya jambo lisilozoeleka katika siasa za Visiwani. Wajumbe wa chama tawala, CCM, na wa chama cha upinzani, CUF, waliokuwa wakitazamana kwa jicho la uadui hasa tangu umwagaji damu wa maandamano ya Januari 2001, walisimama upande mmoja. Waliikataa ripoti ya mshauri mwelekezi iliyopendekeza namna ya kugawana mapato ya mafuta kati ya pande mbili za Muungano, wakaazimia kwamba mafuta na gesi asilia yatolewe kabisa katika orodha ya Mambo ya Muungano. Aliyebeba msimamo wa Serikali ya Mapinduzi mbele ya Baraza ni Mansoor Yussuf Himid, Mwakilishi wa Kiembesamaki na Waziri wa Maji, Ujenzi, Nishati na Ardhi katika serikali ya Rais Amani Abeid Karume. Kauli yake haikuwa na mzunguko: kilichomo chini ya ardhi na bahari ya Zanzibar ni mali ya Wazanzibari, na Zanzibar ndiyo itakayokitafuta, itakayokichimba na itakayokisimamia.

Mwaka haukumalizika. Tarehe 10 Desemba 2009 Unguja ikaingia gizani, na giza hilo lilidumu miezi mitatu.

Wengi huzisimulia habari hizi mbili kila moja peke yake, moja ikiwa ya Katiba na nyengine ya mafundi. Kwa hakika ni historia moja. Ni historia ya visiwa vinavyodai haki ya kumiliki nishati yao huku nuru ya kila siku ikivuka bahari kutoka kwa jirani.

Visima vitatu

Utafutaji wa mafuta ulianza zamani, Muungano haujazaliwa na Sultani bado yuko kasrini. Katika miaka ya 1950 kampuni za BP na Shell zilitafuta kwa pamoja katika mwambao huu. Zilichimba kisima Mafia mwaka 1954, kisha Unguja mwaka 1957, kisima kilichoshuka zaidi ya mita 4,300. Mwaka 1962 zikachimba Pemba, karibu mita 3,900. Mafuta ya kuchimbwa kibiashara hayakupatikana. Kampuni zikafungasha virago, lakini zilichokiacha ni kikubwa kuliko mashimo: imani kwamba chini yetu kuna kitu. Imani hiyo imepita katika mabaraza ya kahawa ya Mji Mkongwe na ya Ng'ambo kwa zaidi ya miaka 60.

Mapinduzi yalipofanyika tarehe 12 Januari 1964 na Muungano ukafuata tarehe 26 Aprili mwaka huohuo, Mambo ya Muungano yalikuwa 11. Mafuta hayakuwamo. Yaliingizwa mwaka 1968, na hapo ndipo kidonda kilipoanza. Wakati huo Zanzibar haikuwa na chombo cha kutunga sheria kilichochaguliwa na wananchi. Baraza la Wawakilishi lilianza mwaka 1980, miaka 12 baada ya uamuzi huo. Kwa hiyo wawakilishi wa 2009 walikuwa wakijadili jambo ambalo wananchi wao hawakupata kuulizwa.

Hoja ya Zanzibar ilikuwa na uzito mwengine. Dhahabu ya Geita, almasi ya Mwadui na tanzanaiti ya Mererani si Mambo ya Muungano. Karafuu ya Pemba nayo si ya Muungano. Kwa nini basi mafuta na gesi peke yake, katika maliasili zote zitokazo ardhini, viwekwe katika chungu cha pamoja? Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu 2004 gesi ya Songo Songo inazalisha umeme Dar es Salaam. Wawakilishi waliuliza fungu la Zanzibar katika neema hiyo liko wapi. Hawakupata jibu lililowaridhisha.

Upande wa Bara nao ulikuwa na hoja yake, na msomaji muadilifu hana budi kuisikiliza. Orodha ya Mambo ya Muungano imo ndani ya Katiba, na kuibadili kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Azimio la Baraza la Wawakilishi peke yake haliwezi kufuta kilichoandikwa humo. Matokeo yake ni mkwamo. Shell ilipewa vitalu namba 9, 10, 11 na 12 mashariki mwa visiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Antrim ya Canada ilikuwa na eneo la Pemba na Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Vyote vilikaa vikisubiri wenye mali wakubaliane nani hasa ni mwenye mali.

Waya wa Fumba

Wakati wanasiasa wakivutana juu ya nishati ya kesho, nishati ya leo ilikuwa ikining'inia kwenye waya mmoja. Tangu 1980 Unguja imekuwa ikipata umeme kutoka gridi ya Bara kupitia waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Umeme wa Bara ulikuwa rahisi, majenereta ya Saateni yakaachwa yachakae, na hakuna aliyejiuliza waya ukikatika itakuwaje.

Jibu lilikuja usiku wa tarehe 21 Mei 2008. Umeme ulizimika Unguja nzima na haukurudi kwa karibu mwezi mmoja. Fundisho hilo halikutosha, na Desemba 2009 ukazimika tena, mara hii hadi Machi 2010.

Mkaazi wa mtaa wa Amani, mjini Unguja, anakumbuka miezi ile kwa maji kuliko kwa taa. Pampu za visima vinavyolisha mji huendeshwa kwa umeme, na zilipokufa, mabomba ya Amani, Kwamtipura na Mwanakwerekwe yakakauka. Wanawake na watoto wakabeba madumu kutafuta visima vya mkono. Hoteli na maduka makubwa ya mjini yaliwasha majenereta, na ngurumo zake zikasikika vichochoro vyote vya Mji Mkongwe. Fundi cherehani, mchomeleaji, kinyozi na muuza juisi wa Ng'ambo hawakuwa na jenereta. Wavuvi walikosa barafu, samaki wakauzwa kwa bei ya kutupa. Aliyekuwa maskini alizidi kuwa maskini, na hakukuwa na wa kumlipa fidia.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Dawa iliyotafutwa, hata hivyo, ilikuwa kuazima nguo kubwa zaidi. Mwaka 2010 Pemba, iliyokuwa ikitegemea majenereta ya Wesha, iliunganishwa na Tanga kwa msaada wa Norway. Mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100 uliolipiwa na Marekani kupitia shirika lake la MCC. Miradi hii iliwafaa watu kweli, na si haki kuibeza. Lakini Zanzibar ilitoka gizani ikiwa imefungwa kwa nyaya zaidi, bila kituo chake chenyewe cha maana cha kuzalisha umeme zaidi ya majenereta ya dharura ya Mtoni.

Azimio lageuka sheria

Mansoor hakudumu katika safu ya mbele. Agosti 2013 CCM ilimvua uanachama kwa kupingana na sera ya chama kuhusu muundo wa Muungano. Hoja aliyoibeba, hata hivyo, haikuvuliwa uanachama. Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa na Bunge Maalum Oktoba 2014 iliyaondoa mafuta na gesi katika Mambo ya Muungano, ila kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 haikufanyika.

Njia nyengine ikatafutwa. Julai 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Petroli, katikati ya vurugu na wabunge wa upinzani kutolewa nje, na ndani yake Zanzibar ikaruhusiwa kusimamia mafuta na gesi yake kwa sheria na taasisi zake yenyewe. Novemba 2016 Rais Ali Mohamed Shein akatia saini sheria ya Zanzibar ya utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi asilia. Dk. Shein alikuwa Makamu wa Rais wa Muungano Baraza lilipopitisha azimio la 2009, na yeye ndiye aliyelifikisha jambo mwisho wake kwa utulivu. Zikaundwa Mamlaka ya udhibiti, ZPRA, na Kampuni ya maendeleo ya mafuta, ZPDC. Oktoba 2018 mkataba wa kugawana uzalishaji katika kitalu cha Pemba na Zanzibar ukasainiwa na RAK Gas ya Ras Al Khaimah.

Hata hivyo kuna wanasheria waliouliza swali zito: sheria ya kawaida inawezaje kutoa kilichowekwa na Katiba? Swali hilo lingali hai. Mafuta na gesi bado yametajwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, na nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja chenye mgogoro hailaliki usingizi.

Deni na vibatari

Machi 2016 bodi ya MCC ilisimamisha msaada wake wa pili kwa Tanzania, dola milioni 472 zilizokusudiwa hasa kwa umeme. Miongoni mwa sababu ilizozitaja ni uchaguzi wa marudio wa Zanzibar. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2017, Rais John Magufuli aliliamuru shirika la umeme la Tanzania, TANESCO, liwakatie umeme wadaiwa wote sugu bila kujali ni nani. Mdaiwa mkubwa aliyetajwa ni Zanzibar, kwa deni la zaidi ya shilingi bilioni 120. Dk. Shein alijibu kwamba ikiwa umeme utakatwa, Wazanzibari watawasha vibatari. Wengi walilipenda jibu hilo kwa heshima iliyomo ndani yake. Lakini kiongozi wa nchi yenye sheria yake ya mafuta alikuwa akizungumzia vibatari, na hapo ndipo pengo lilipoonekana kati ya kumiliki na kuzalisha.

Umeme haukukatwa. Deni lilianza kulipwa na mazungumzo yakaendelea. Mwananchi anayenunua umeme wa tukuza kabla hajautumia alikuwa na haki ya kushangaa: yeye amelipa mapema, deni limetoka wapi?

Vitalu vya baharini, jua la juu

Rais Hussein Ali Mwinyi, aliyeingia madarakani 2020, ameyaweka mafuta na gesi ndani ya sera ya uchumi wa buluu. Mwaka 2024 serikali yake ilifungua duru ya kwanza ya kunadi vitalu, vitalu 8 vya baharini. Mwaka 2021 Benki ya Dunia ilikuwa imeidhinisha mradi wa umeme wa Unguja unaojumuisha jua, betri na njia ya msongo wa kilovolti 132. Kwa mara ya kwanza tangu Saateni, kuzalisha umeme hapahapa kumerudi katika mipango kama jambo la kawaida na si la dharura.

Ni hapo ninapoona uzito wa historia hii. Msimamo wa 2009 ulikuwa wa haki, na waliousimamia wanastahili heshima. Lakini kupigania mafuta ambayo bado hayajaonekana kulituchukua nusu karne, na katika nusu karne hiyo jua lilitupita juu ya vichwa bila kuhitaji theluthi mbili ya kura ya yeyote. Umeme wa jua haukuwahi kuwa Jambo la Muungano. Hakuna Katiba iliyotuzuia kuujenga. Hata kesho mafuta yakipatikana, kutoka ugunduzi hadi mapato ni safari ya miaka mingi, kama Songo Songo ilivyosubiri miaka 30 tangu 1974 hadi 2004.

Kila tarehe 12 Januari viongozi husimama mbele ya umma na kuhesabu mafanikio ya Mapinduzi, mara nyingi katika Uwanja wa Amani, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970, kisha ukajengwa upya na kuzinduliwa Desemba 2023. Uwanja huo una taa kali siku hizi. Watu wanaokaa kuuzunguka wana haki ya kudai hesabu ya aina tatu kutoka kwa kila anayepanda jukwaani. Kwanza, Katiba isafishwe ili umiliki wa mafuta na gesi usiwe wa kutegemea tafsiri ya mawakili. Pili, mikataba ya vitalu iwekwe wazi, maana mali iliyopiganiwa kwa jina la wananchi haifai kusimamiwa kwa siri. Tatu, itajwe idadi ya megawati zitakazozalishwa Unguja na Pemba, na mwaka zitakapoanza kuwaka. Atakayejibu la kwanza na la pili akanyamaza juu ya la tatu, atakuwa ametupa hati ya kumiliki na kutuacha tena kwenye waya wa jirani.