Subaru ya Mtumba Ilitokea Wapi?

Wadau, kuna swali nimekuwa nikijiuliza kwa muda mrefu. Ilikuwaje gari lililozaliwa kwenye mashindano ya dunia likawa kitu ambacho kijana wa Dar, Nairobi au Kampala, mwenye mshahara wa kawaida na mkopo wa SACCOS, anaweza kukinunua? Siongelei Ferrari wala Porsche, hayo tuwaachie wenyewe. Naongelea Subaru Impreza WRX, ile ambayo unausikia mlio wake kwanza, ukikatakata kama mtu anayepiga ngoma kwa mkono mmoja, ndipo gari lenyewe linatokea kwenye kona.

Jibu la haraka la kijiweni ni "Wajapani hawapendi magari ya zamani". Mimi nasema jibu hilo ni la uvivu. Stori yenyewe ni ndefu kuliko hapo, na kipande chake cha kwanza hakiko Japani wala Afrika, kiko kisiwa cha Corsica, Ufaransa.

Mwezi Mei 1986, dereva Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walitoka barabarani huko Corsica na gari lao likawaka moto. Walikufa wote wawili. Yalikuwa yale magari ya Kundi B, mashine zenye nguvu za kutisha zilizotengenezwa mia mbili tu ili kutimiza kanuni. Wakubwa wa mchezo wakaona yatosha, na kuanzia 1987 Kundi A likawa ndilo la juu. Kanuni ya Kundi A ilikuwa na sharti moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililotuletea haya yote: huwezi kushindana na gari ambalo huliuzi kwa wananchi. Ilibidi kiwanda kitengeneze magari ya namna hiyo 5,000, na baadaye idadi ikashushwa hadi 2,500.

Fikiria maana yake. Mhandisi anataka turbo na nguvu kwenye magurudumu yote manne ili ashinde rali. Ili aruhusiwe, lazima maelfu ya watu wa kawaida wauziwe turbo hiyo hiyo, wapelekee watoto shule. Ndiyo maana mwaka 1992 Subaru walitoa Impreza WRX yenye injini ya lita 2 na nguvu za farasi 240, ndani ya umbo la gari la mhasibu. Mitsubishi walifanya hivyo hivyo na Lancer Evolution mwaka ule ule. Mwaka 1995 Colin McRae wa Scotland akawa bingwa wa dunia na Impreza ya bluu yenye namba 555 za njano ubavuni (lilikuwa tangazo la sigara, msidhani ni namba ya bahati).

Sasa tuje kwetu, maana sisi hatukuanza kupenda magari haya kwa kuyaona kwenye gemu za kompyuta. Safari Rally ilianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wetu waliosimama pembeni mwa barabara ya vumbi walijifunza jambo moja kwa macho yao: kipi kinafika na kipi kinabaki porini. Joginder Singh alishinda 1965 na Volvo, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano, zote akiwa na Datsun. Kwa hiyo McRae aliposhinda na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akafanya hivyo na gari la jina hilo hilo mwaka 2000, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tangazo lilikuwa limeshapita mbele ya nyumba za watu.

Lakini kupenda gari ni jambo moja, kulipata ni jingine. Kule Japani kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na bili yake si ndogo. Hadi 1995, gari lililozidi miaka 10 lilikuwa linakaguliwa kila mwaka. Mwenye gari anapiga hesabu, anaona bora aliuze. Linakwenda mnadani. Na kwa kuwa Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia tayari. Milango ya biashara nayo ilikuwa imefunguka: Tanzania iliwaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe mwaka 1984, na Kenya ikalegeza masharti yake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Basi meli zikaanza kushusha.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu gari hili haliji peke yake, linakuja na miaka ya mguu wa mtu mwingine. Mwenye Corolla alilitumia kwenda kazini. Mwenye WRX alilinunua ili alikimbize, na alilikimbiza. Mwaka jana nilimsindikiza rafiki yangu, mwalimu wa sekondari, kwenda kuangalia moja kwenye yadi ya mjini. Bluu, rimu za dhahabu, dashibodi inasoma kilomita 78,000. Tulikuwa na fundi. Muuzaji anaeleza, sisi tunasikiliza, fundi hasemi kitu, akaweka tu kiganja juu ya boneti. La moto. Tulikuwa tumeambiwa gari halijawashwa tangu jana yake. Fundi akatuvuta pembeni: injini hii pistoni zake zimelala kulia na kushoto, zikiwa zimechoka zinagonga asubuhi ikiwa baridi, ikishapata joto zinanyamaza. Aliyeipasha moto alijua anaficha nini. Akaomba karatasi ya mnada, ile inayoandikwa Japani na kuonyesha daraja la gari, kilomita zake na kama liliwahi kugongwa. Ikawa "imepotea". Rafiki yangu aliendelea kuizunguka ile gari dakika ishirini nzima, jamani, huku mkopo wa miaka mitatu ukiwa mfukoni.

Kuna na jambo la mafuta ambalo wengi hawaliulizi. WRX ya soko la Japani ilipangwa kwa petroli ya kule ya daraja la juu, inayofikia oktani 100. Ukiinywesha petroli ya oktani pungufu na kuibana turbo, mafuta yanalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Pistoni inapasuka kidogo kidogo. Mmiliki wa kwanza analaumu gari, wa pili analaumu fundi.

Na sasa mlango unafungwa. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15, na hapa kwetu TRA inatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Wamarekani nao, ambao sheria yao hulegeza masharti gari likifikisha miaka 25, walianza kuzichukua Impreza za kwanza kutoka 2017, na bei kule minadani ikapanda. Ile injini ya lita 2 kwenye STI ya Japani ilifikia mwisho na toleo la 2019, magari 555 tu.

Subaru waliondoka kwenye rali za dunia mwishoni mwa 2008. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota ilishinda, na ikaendelea kushinda kila mwaka hadi 2025. Nilikwenda Naivasha 2022 kikazi. Kwenye njia za mashindano hakukuwa na Subaru hata moja ya kupigania ushindi. Kwenye uwanja wa kuegesha magari ya watazamaji nilizihesabu hadi arobaini, nikachoka, na vijana walikuwa wamefungua boneti wakionyeshana injini huku magari ya rali yakipita nyuma yao.