Kisha retrete: kazi ya mkurugenzi wa shule haiishi

Rumangabo iko kwenye barabara ya Goma–Rutshuru, kilomita karibu 45 kaskazini ya mji wa Goma, ndani ya sheferi ya Bwisha. Ikitajwa kwa redio, mara nyingi ni juu ya kambi ya jeshi ao makao makuu ya Parki ya Virunga. Leo tunazungumuzia watu ambao habari haziwataji sana: wakurugenzi wa shule waliozeeka, wenye walimaliza kazi ya serikali lakini kijiji hakijawaachia.

Mkurugenzi ni nani, prefe ni nani?

Kwetu Kongo, mwenye kuongoza shule ya msingi anaitwa mkurugenzi, na mwenye kuongoza shule ya sekondari anaitwa prefe. Shule nyingi za vijijini ni za serikali na za kanisa kwa mara moja. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizichukua shule mikononi mwa makanisa, kisha ikazirudisha kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977: serikali inatoa sheria, programu na mishahara, kanisa inasimamia shule kila siku.

Kwa hiyo mkurugenzi ana wakubwa wawili. Asubuhi anamjibu inspekta, mchana padri ao mchungaji, jioni mzazi asiyekuwa na makuta. Mtu akifanya vile miaka makumi tatu, anajua namna ya kusema na kila mtu. Ujuzi ule haumtoki siku anarudisha funguo za ofisi.

Mtu wa mlangoni

Kazi ilikuwa nguvu zaidi kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990. Mishahara ilianguka, na wazazi njo walianza kulipa walimu kwa njia ya prime. Mkurugenzi alibaki katikati. Akimfukuza mtoto asiyelipa, mtoto anapoteza mwaka. Akimuacha darasani, mwalimu anarudi kwake mikono mitupu. Kifungu 43 cha Katiba ya 2006 kinasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali, lakini bure yenyewe ilianza kutumika Septemba 2019. Kati ya tarehe zile mbili, watoto wengi walimaliza shule kwa sababu mkurugenzi wao alikubali kungojea deni. Watu hawasahau mambo kama hayo. Njo maana mzee wa namna ile akipita barabarani, hata mtu mwenye mvi anamuita «Direkta».

Anafanya nini kisha retrete?

Kwanza, anaandika. Barua ya kuomba kazi, ombi kwa mkubwa wa grupema, mapatano ya kuuzishana shamba: yote yanapita kwake, kwani anajua maneno ya Kifaransa ya ofisi na anajua kuyaeleza kwa Kiswahili ao Kinyarwanda.

Pili, anapatanisha. Watu wanaogombana juu ya mpaka wa shamba mara nyingi wote wawili walikaa mbele yake kwenye benchi moja. Hana polisi, hana muhuri, lakini anasikilizwa.

Tatu, anasaidia komite ya wazazi. Anajua kusoma hesabu za shule, na anajua ulizo la kuuliza pesa ya mabati ikipotea.

Nne, na hii njo kubwa zaidi, yeye ni kumbukumbu ya shule.

Vita na karatasi

Kambi ya Rumangabo ilibadilisha mikono mwaka 2008, tena 2012, na tena mwisho wa 2022. Kila mara watu walikimbia, wengi kuelekea Goma, na tangu 2022 maelfu walijipanga Kanyaruchinya na kambi zingine za wakimbizi. Katika Rutshuru shule zilifungwa, zingine zikalaza wakimbizi ao watu wenye silaha. Benchi zikawa kuni. Rejista zikapotea.

Matokeo ya mtihani wa Serikali yanabaki pia kwenye ofisi za taifa. Lakini buletini ya mwaka wa nne ya shule ya msingi inaandikwa shuleni. Rejista ikiungua, mtoto aliyekimbia anafika kwenye shule nyingine bila kitu. Huko wanaweza kumrudisha nyuma darasa moja ao mbili, na mtoto aliyezidi umri kwa darasa lake anaacha masomo haraka. Kwa wakati kama huo, mkurugenzi mzee anayeweza kusema «huyu nilimfundisha, alipita mwaka fulani», na kutia sahihi yake, anaokoa miaka ya mtoto.

Na yeye, nani anamuangalia?

Walimu wengi wanakawia darasani hata kisha kufikisha umri wa kupumzika, kwa sababu wanaogopa kutoka kwenye liste ya mishahara bila kupata haki zao za mwisho wa kazi. Wenye walitoka wanaishi kwa shamba na kwa watoto wao. Vita ikifunga njia ya shamba, mzee anabaki na heshima peke yake, na heshima hailipi dawa.

Jambo hili si la Kongo tu. Kenya wanamkumbuka Edward Carey Francis, Mwingereza aliyefika Maseno mwaka 1928 na kuongoza shule ya Alliance tangu 1940 hadi 1962. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma Alliance wakati wake. Alipostaafu hakurudi Uingereza: alienda kufundisha kwenye shule ya sekondari ya Pumwani, mtaa wa watu wa kawaida huko Nairobi, mpaka kifo chake mwaka 1966. Lakini yeye alikuwa na jina kubwa. Wetu hawaandikwi.

Tufanye nini?

Wazee hawa wakifa, kile walichokumbuka kinakufa nao. Ikiwa kuna mkurugenzi ao prefe mzee karibu na wewe, komite ya wazazi inaweza kukaa naye na kuandika majina ya wanafunzi, miaka na walimu wa wakati ule. Daftari moja ibaki shuleni, nakala nyingine ibaki mahali pengine, mbali na barabara ya vita. Wazazi nao wapige picha buletini za watoto kwa simu na kumtumia ndugu aliye mbali.

Na ukienda kwa mzee juu ya barua, usiende mikono mitupu. Kilo ya maharagi si rushwa. Ni deni la zamani linalolipwa.