Kumbukumbu ya Marehemu Wetu wa Muziki



Ni desturi ya kitabu hiki kutaja majina ya marehemu mara baada ya hesabu za fedha. Safari hii Halmashauri imeniruhusu kuwataja watu ambao hawakuandikwa katika daftari letu la michango, walakini ni arusi chache na dansi chache zetu zilizofanywa pasipo sauti zao.

Mtu asidhani kwamba muziki ni jambo geni katika chama cha kusaidiana. Vyama vya beni, vilivyoanza Pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za askari, vilikuwa na vyeo, sare na ngoma kubwa. Tena mwanachama alipougua alitazamwa, na alipokufa alizikwa kwa fedha za wenzake. Wageni waliyacheka makoti yale, wasilione sanduku la michango.

Katika hao niwatajao, aliyewatangulia wenzake kwa umri ni Fundi Konde, mtu wa Pwani, aliyezaliwa mwaka wa 1924. Vita Kuu ya Pili vilimchukua pamoja na kikosi cha burudani cha jeshi hata Burma. Aliporudi aliimba Kiswahili laini, kwa sauti ya upole isiyoshindana na gitaa lake. Yeye ni miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme, na wimbo wa “Tausi Ndege Wangu” ni wake. Tena alifanya kazi ya fundi wa mitambo studioni Nairobi, akanasa sauti za wenzake, hata jina na kazi vikaafikiana. Alifariki mwaka wa 2000.

Mwaka uliofuata tulifiwa mara mbili. Mwezi wa Februari 2001 alifariki Fadhili William, mzaliwa wa nchi ya Taita na Taveta. Hapa yanipasa kukaa kidogo, maana habari ya “Malaika” yafundisha mengi juu ya maslahi. Wimbo ule wa kijana ampendaye msichana na asiye na mali ya kumwoa, Fadhili aliuimba na Jambo Boys, kisha akaurekodi tena katika studio ya Equator, Nairobi, mwaka wa 1963. Baadaye uliimbwa na Miriam Makeba, na Harry Belafonte, na Boney M. Je, nani aliutunga? Fadhili alidai ni yeye. Wengi Tanzania wamtaja Adam Salim. Sitaamua shauri hilo. Lakini siku zile wanamuziki wengi walipewa fedha kidogo mara moja tu, wakaenda zao, na santuri ikaendelea kuuzwa. Jina lililopigwa chapa katikati ya santuri ndilo lililokuwa hati ya shamba. Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, akarudi nyumbani katika miaka ya 1990, na wimbo umezunguka dunia kuliko yeye.

Mwezi wa Novemba wa mwaka uo huo alifuata Daudi Kabaka, mwenzake katika bendi ya Equator Sound. Alizaliwa mwaka wa 1939, na vijana wa wakati wa Uhuru walimwita mfalme wa twisti. Waliocheza nyimbo zake wanajua kwamba magoti ndiyo yaliyolipa gharama. Pamoja nao walikuwa Nashil Pichen na Peter Tsotsi, waliotoka Zambia na kuleta mapigo ya kusini. Wimbo wake “Helule Helule” ulichukuliwa na vijana wa Uingereza waitwao Tremeloes, ukapendwa sana huko mwaka wa 1968.

Joseph Kamaru, aliyefariki Oktoba 2018, aliimba kwa Kikuyu. Watu wasioijua lugha hiyo walikuwa wakiwaomba jirani zao wawafasirie, kwa kuwa alisema mambo ambayo wengine walinong’ona tu.

Yafaa pia tuwakumbuke wasiopiga chombo. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa mwaka wa 1940 katika ukoo wa Frere Town, alifariki Februari 2025 baada ya kutumikia redio ya taifa tangu mwaka wa 1964. Kipindi chake cha “Je, Huu ni Ungwana?” kilihusu adabu, si muziki, walakini bila watangazaji wa namna yake wengi wetu tusingalijua jina la mwimbaji wala la bendi. Na wamo wanachama wetu waliopenda santuri kuliko chakula. Mpenzi wa muziki akifa, mara nyingi sanduku lake la santuri ndilo litupwalo kwanza, kwa kuwa gramafoni haipo tena.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba kila jamaa mwenye sanduku kama hilo asilitoe nje kabla ya kumwita Mwandishi wa Chama. Majina yote yatanakiliwa kutoka katikati ya kila santuri: mwimbaji, mtungaji, bendi, na mpiga gitaa la pili kama ametajwa. Daftari limekwisha nunuliwa.