Mbwa wa kuwinda panya

Mbwa wa kuwinda panya ni mbwa wanaofugwa na kufunzwa ili kukamata na kuua panya mashambani, ghalani na kwenye makazi ya watu. Wanaojulikana zaidi duniani ni teria, kundi la mbwa wadogo lenye asili ya Uingereza. Katika vijiji vya Afrika ya Mashariki kazi hiyo hufanywa zaidi na mbwa wa kienyeji.

Katika Milima ya Usambara, mkoa wa Tanga nchini Tanzania, kuua panya kwa mbwa ni jambo la kilimo na pia la afya. Wilaya ya Lushoto iliwahi kusumbuliwa na ugonjwa wa tauni kwa zaidi ya miaka 20. Tauni huenezwa na viroboto wa panya, na viroboto hao huhama pale panya anapokufa. Kwa sababu hiyo mbwa mwindaji anaweza kuwa msaada kwa mkulima au njia ya kuleta viroboto nyumbani, kutegemea jinsi anavyotunzwa.

Asili ya teria

Jina teria linatokana na neno la Kilatini terra, yaani ardhi, kupitia Kifaransa. Mbwa hao walizalishwa ili waingie katika mashimo ya wanyama kama mbweha, au wawatoe nje ili mwindaji awakamate. Wengine walizalishwa hasa kwa ajili ya panya katika maghala, mazizi na viwanda vya nguo. Teria wa Yorkshire, ambaye leo hufugwa zaidi kama mbwa wa nyumbani, aliwahi kuua panya katika viwanda na migodi ya kaskazini mwa Uingereza.

Aina ya Jack Russell imepewa jina la kasisi John Russell (1795–1883) wa Devon, aliyependa kuwinda mbweha. Inasemekana mbwa jike aliyeanzisha uzao wake aliitwa Trump, naye alimnunua mwaka 1819 alipokuwa mwanafunzi huko Oxford.

Katika karne ya 19 kulikuwa na mashindano ya kuua panya mjini London, ambako watu walicheza kamari. Mbwa aliyeitwa Billy alipata umaarufu mwaka 1823 kwa kuua panya 100 kwa muda wa dakika 5 na nusu hivi. Mashindano hayo yalikoma baadaye kwa sababu ya sheria za kuzuia ukatili kwa wanyama. Hata hivyo yalionyesha tabia ya teria mzuri: humshika panya, humtikisa mara moja au mbili mpaka shingo ivunjike, humwacha na kumfuata mwingine bila kumla.

Panya wa Usambara

Lushoto iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wakulima wake hupanda mahindi, maharagwe, viazi, kabichi na mboga nyingine kwenye miteremko iliyo karibu na misitu. Mashamba, vichaka, msitu na nyumba hukaribiana, na panya hupita kwa urahisi kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Panya wawili wana umuhimu mkubwa kwa binadamu. Panya shamba (Mastomys natalensis) ndiye mharibifu mkuu wa nafaka nchini Tanzania. Hufukua mbegu za mahindi siku chache baada ya kupandwa, kisha hurudi wakati wa mavuno. Jike huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja, na mimba huchukua takriban siku 23. Wa pili ni panya mweusi (Rattus rattus), ambaye hupenda kukaa darini na ghalani.

Panya buku, ambaye ni mkubwa zaidi, huweza kufikia uzito wa kilogramu moja au zaidi. Huuma kwa nguvu na anaweza kumjeruhi mbwa mdogo.

Tauni wilayani Lushoto

Tauni husababishwa na bakteria Yersinia pestis. Iliripotiwa kwa mara ya kwanza wilayani Lushoto mwaka 1980, kisha ikarudi karibu kila mwaka hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika kipindi hicho zaidi ya watu 7,000 waliripotiwa kuugua na mamia walifariki. Wanawake na watoto waliathirika zaidi kuliko wanaume wazima. Eneo la Shume lilikuwa miongoni mwa yaliyoathirika sana.

Dalili za kawaida ni homa ya ghafla, maumivu ya mwili na mitoki, yaani tezi zilizovimba kwenye kinena, kwapa au shingo. Dalili huanza kati ya siku 1 na 7 baada ya kuambukizwa. Bila matibabu tauni ya mitoki huua asilimia 30 hadi 60 ya wagonjwa, na tauni ya mapafu huua karibu wote. Mgonjwa akitibiwa mapema kwa antibiotiki kwa kawaida hupona.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walishirikiana na watafiti kutoka nchi nyingine kuchunguza panya na viroboto wa Lushoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba viroboto wa binadamu (Pulex irritans) walikuwa wengi zaidi katika nyumba za vijiji vilivyokuwa na tauni nyingi. Kwa hiyo viroboto walio ndani ya nyumba walistahili kuangaliwa sawa na panya wa shambani.

Mbwa, viroboto na tauni

Kiroboto huishi kwa damu ya mnyama mwenye joto. Panya akifa mwili wake hupoa, na viroboto wake humwacha kutafuta mnyama mwingine. Aliye karibu mara nyingi ni mbwa aliyemuua au mtu anayemwokota. Ndiyo maana katika eneo lenye tauni viroboto huuawa kwanza, au kwa wakati mmoja na panya. Kuua panya wengi bila kushughulikia viroboto kunaweza kuongeza hatari badala ya kuipunguza.

Mbwa mwenyewe haugui tauni kwa urahisi. Wengi wakiambukizwa hupata homa kidogo na kupona, lakini damu yao hubaki na kingamwili. Kwa sababu hiyo damu ya mbwa hupimwa ili kujua kama vijidudu vya tauni vipo katika eneo hata kabla ya watu kuugua. Kingamwili hizo zilipatikana katika mbwa wa Lushoto. Paka ni tofauti: huugua vibaya sana na anaweza kumwambukiza mtu moja kwa moja kwa kikohozi au kwa kumuuma.

Tahadhari kwa mwenye mbwa mwindaji ni hizi:

- Mbwa apewe dawa ya viroboto kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi vinavyoelekezwa na mtaalamu wa mifugo. Dawa ya mbwa yenye permetrini isipakwe paka, kwani inaweza kumuua.
- Mbwa asilale ndani ya nyumba wala karibu na vitanda, hasa watu wanapolala sakafuni.
- Panya aliyekufa asishikwe kwa mikono mitupu. Aokotwe kwa koleo au glavu, kisha azikwe au achomwe.
- Panya wakionekana kufa wenyewe kwa wingi, uwindaji usimamishwe na taarifa ipelekwe kwenye kituo cha afya au serikali ya kijiji. Vifo hivyo vinaweza kuwa dalili ya kwanza ya tauni.

Kuchagua mbwa

Teria wa asili ya Ulaya si wengi vijijini, na bei yao ni kubwa. Mkulima wa kawaida huchagua kati ya mbwa wa kienyeji na chotara. Mbwa wa kienyeji wamezoea chakula na hali ya hewa ya huku, na wengi wana pua nzuri na miguu mepesi.

Mambo yanayoangaliwa ni umbo, tabia na wazazi. Mbwa wa panya huwa mdogo: teria wengi wa kazi wana uzito wa kilogramu 5 hadi 8 hivi. Anayetakiwa kuingia shimoni huwa na kifua chembamba kinachoweza kuzungukwa kwa viganja viwili vya mtu mzima. Kwa shamba la Usambara ukubwa huo si lazima, kwa sababu mashimo ya panya ni madogo mno kwa mbwa yeyote. Mbwa hunusa na kufukua, na mtu humsaidia kwa jembe. Manyoya mafupi hufaa zaidi kwa kuwa viroboto na kupe huonekana upesi.

Kwa upande wa tabia, hutafutwa mtoto wa mbwa mdadisi, asiyeogopa kelele na anayefuata kitu kinachokimbia. Aliye mkali kwa watu hafai, kwa kuwa atafanya kazi kati ya watoto na mifugo. Dalili bora zaidi ni mama yake: mbwa jike anayewinda panya mara nyingi huwafundisha watoto wake.

Mafunzo na kazi

Kabla ya kuwinda, mbwa hufunzwa kuja anapoitwa na kuacha kitu anapoamriwa. Huzoeshwa pia kuku, mbuzi na paka wa nyumbani tangu mdogo, la sivyo atawafukuza kama panya. Mbwa wengi huwa tayari kwa kazi wakiwa na umri wa miezi 8 hadi 12. Anayeanzishwa mapema mno na kuumwa na panya mkubwa anaweza kuogopa daima.

Wakati mzuri ni kabla ya kupanda na baada ya mavuno, nyasi za kingo za shamba zinapofyekwa na marundo ya mabua kuondolewa. Watu hufunua rundo polepole kutoka upande mmoja, na mbwa wawili au watatu husubiri upande mwingine. Baada ya kazi mbwa hukaguliwa majeraha, hasa puani na midomoni, na huoshwa.

Magonjwa mengine na sumu

Mbwa yeyote mwindaji hupaswa kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Panya pia hueneza leptospirosisi kupitia mkojo wao. Ugonjwa huo ulijulikana sana Tanzania mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda, ulipozuka mkoani Lindi na kuripotiwa kwa watu 20, ambao 3 kati yao walifariki. Ipo chanjo ya mbwa dhidi ya aina kadhaa za vijidudu vyake.

Mbwa na sumu ya panya havitumiki mahali pamoja. Mbwa akila panya aliyekula sumu naye anaweza kufa, na baadhi ya sumu huanza kumtoa damu ndani baada ya siku kadhaa.

Dini na sheria

Waislamu ni wengi katika Usambara, na wengi wao hufuata madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi. Chombo alicholamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo kufuga mbwa kwa ajili ya kuwinda, kulinda mifugo au shamba kumeruhusiwa, mradi akae nje.

Kuwinda wanyama wa porini bila leseni au kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Mbwa aliyefunzwa panya huweza kumkamata funo au sange anapoachwa huru, kwa hiyo haruhusiwi kuzurura katika hifadhi kama Magamba na Amani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Mipaka ya mbwa

Kwa kasi ya kuzaliana ya panya shamba, mbwa peke yake hawezi kumaliza panya wa kijiji. Husaidia zaidi akitumiwa pamoja na mitego, usafi wa kingo za mashamba, maghala yaliyoinuliwa na kufungwa vizuri, na majirani kufanya kazi kwa wakati mmoja. Shamba moja likisafishwa na la jirani likaachwa, panya hurudi baada ya muda mfupi.