Mwalimu wa Kwaya wa Leipzig

Wamisionari wa Kilutheri waliofika Shighatini, katika milima ya Upare, mwaka 1900, walitumwa na chama cha misioni chenye makao yake Leipzig, Ujerumani. Pamoja na Biblia walileta nyimbo. Katika mji huohuo wa Leipzig, miaka 150 kabla yake, alifariki mtu aliyezitumikia nyimbo za Kilutheri tangu ujana wake: Johann Sebastian Bach.

Leo jina lake hutajwa kama la mfalme wa muziki. Lakini maisha yake yalikuwa ya mtu wa kuajiriwa. Alizaliwa Eisenach mwaka 1685, akawa yatima wa baba na mama kabla hajatimiza miaka kumi, akalelewa na kaka yake. Mwaka 1717, aliposhikilia kuacha kazi katika jumba la mtawala wa Weimar, alifungwa karibu mwezi mzima. Hata Leipzig, mwaka 1723, hakuwa chaguo la kwanza: wakubwa wa mji walikuwa wamewataka Telemann na Graupner kabla yake.

Huko alifundisha wavulana wa shule na kuandaa muziki wa ibada. Miaka ya mwanzo alitunga karibu kila wiki. Mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake kwamba pato lake lilikuwa kama taler 700, na kwamba hali ya hewa ikiwa njema mazishi hupungua, na fedha nazo hupungua. Mwaka 1733 alipeleka sehemu za misa kwa mtawala wa Saxony kule Dresden, akiomba cheo. Alikipata mwaka 1736: mtunzi wa jumba la mtawala.

Cheo hicho wachache wanakikumbuka. Kilichodumu ni kazi aliyoifanya kwa tenzi ambazo washarika walikwisha kuzijua. Aliuchukua wimbo wa Luther wa Zaburi ya 46, ambao Walutheri wa Tanzania nao huuimba, akausukia sauti nyingine. Mara nyingi sauti ya kwanza aliiachia wimbo wenyewe, ili watu wausikie. Alto, teno na besi akazipa kila moja njia yake. Mwalimu yeyote wa kwaya aliyewahi kukesha akizipatanisha sauti nne anaijua kazi hiyo.

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Bach alipofariki mwaka 1750, kaburi lake halikuwekwa jina. Mjane wake, Anna Magdalena, alikufa mwaka 1760 akiishi kwa sadaka, katika mji uleule ambao mumewe aliuimbishia kwa miaka 27.

Katika sharika zetu wapo walimu wa kwaya wanaolipwa kwa "asante, mwalimu" tu, na nauli wanajitafutia wenyewe. Si lazima mmoja wao awe Bach ndipo tumtunze. Inatosha kwamba Jumapili ijayo tutasimama na kuimba alichotufundisha.