Kijiti, Siti na spidi ya santuri

Wadau, hii ni kwa wale wanaoijua "Kijiti" kwa sauti ya Bi Kidude tu. Wimbo ule ni wa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, na Bi Kidude aliurithi kwa kumsikiliza Siti tangu utotoni.

Kisa chenyewe kinatisha. Mwanamke alikuja Unguja kutembea akitokea Dar es Salaam, akatoka na wenyeji wake, akabakwa na kuuawa. Kijiti akavuka bahari akakimbilia bara. Mahakama ya kikoloni ikawageukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu, wakabebeshwa wao mzigo wa kifo kile. Siti akaifanya kesi kuwa wimbo.

Sasa tuje kwenye kilichonikosesha usingizi: je, aliuimba kwa kasi gani, na kwa sauti ya juu kiasi gani?

Siti na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV. Upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu. Fikiria watu waliozoea kuimba usiku kucha wakiambiwa wamalize kabla sindano haijafika katikati! Lakini balaa kubwa ni spidi. Santuri zile huitwa za 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, ila enzi zile mashine hazikuwa zikikubaliana hivyo. Ukiicheza kwa mizunguko 82 santuri iliyorekodiwa kwa 78, wimbo unaongezeka kasi kwa asilimia 5, na sauti inapanda karibu nusu toni. Vyote viwili vinakwenda pamoja, huwezi kukiacha kimoja. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono nayo ilikuwa na vituko vyake: springi ikilegea, mwimbaji anazama taratibu kama anayesinzia.

Kwa hiyo ukipata faili la Siti mtandaoni, ujue kuna mtu aliyechagua spidi kabla yako. Siti alizaliwa miaka ya 1880 hivi. Alipokwenda Bombay alikuwa anakaribia miaka 50. Ongeza spidi kidogo, umemgeuza kigori. Halafu tunamweka kando ya Bi Kidude, aliyerekodi albamu zake akiwa bibi kizee mwenye sauti nzito ya mkwaruzo, na tunasema "loh, tofauti kubwa!" Sehemu ya tofauti hiyo huenda ni mota tu.

Kuna na programu za kompyuta zinazokutajia mwendo na ufunguo wa wimbo wowote. Nazipenda, lakini kwa taarabu naziona kama mgeni anayejibu kabla hajaulizwa. Nyingi zina funguo 24 tu, 12 za meja na 12 za maina. Taarabu ya zamani inatembea kwenye makamu za Kiarabu, na makamu kama Bayati na Rasti zina noti zinazokaa katikati ya vitufe vya piano. Udi hauna vizuizi shingoni, fidla haina, koo la mtu halina. Programu ikikuta noti ya katikati inaisukuma kwenye kitufe cha jirani, kisha inakupa jibu kwa kujiamini kabisa. Kwenye mapigo nako, mara inakupa nusu ya mwendo, mara maradufu. Bora uhesabu mwenyewe mapigo kwa sekunde 15, uzidishe kwa 4.

Nilipokuwa Uroa nilicheza kwenye simu faili moja la Siti kwa spidi mbili, mbele ya mama mmoja anayelima mwani. Sikumwambia chochote. Ya kwanza, ya haraka, aliisikiliza akianika mwani wake, kisha akaniuliza:

"Hii mbona yakimbia? Yakimbilia wapi, mwanangu?"

Ya pili, ya polepole, alinyamaza mpaka ikaisha.

Najua huo si ushahidi wa kisayansi. Ila kwa wimbo kama "Kijiti" naona swali lake lina uzito. Ukiukimbiza sana unachezeka vizuri, na kwenye ukumbi watu wanainuka, wanatunza. Ukiutuliza, unasikia nani alikufa na nani alihukumiwa. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa bingwa wa ngoma za unyago na alijua vizuri kuinua watu vitini. Hata hivyo, nikimsikiliza kwenye wimbo huu, najikuta nafuata maneno kabla ya ngoma.

Mwenye santuri halisi ya Siti nyumbani, tafadhali asiitupe. Na akiicheza, aandike spidi aliyotumia.