Kinanda cha Santuri na Kumbukumbu za Ukoo



Wanakamati wa mkutano wetu wameniomba niandike katika kijitabu hiki habari ya jambo moja la zamani ambalo kila tawi la ukoo lina fungu lake ndani yake. Nimechagua kinanda cha santuri cha mkononi, yaani ile mashine ya kupigia sahani iliyofungwa kama sanduku la safari na kubebwa kwa mpini. Katika nyumba zetu zote, ziwe za Muscat, Dubai, London au Toronto, wazee wakikaa pamoja kinanda hicho hakikosi kutajwa. Na siku hizi vijana wetu wananunua vinanda vya sura ile ile vilivyotengenezwa upya, kisha wanatuuliza tulikuwa tukisikiliza nini. Swali lao linastahili jibu.

Asili ya chombo

Mashine ya kwanza iliyoweza kunasa sauti ya mtu na kuirudisha ilitengenezwa na Thomas Edison wa Marekani mwaka 1877. Mwaka 1887 Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, alisajili uvumbuzi wa gramafoni, ambayo ilitumia sahani bapa badala ya silinda. Faida ya sahani ilikuwa kwamba nakala zake ziliweza kushindiliwa kwa wingi kutoka katika kalibu moja. Lakini vinanda vya mwanzo vilikuwa samani za kukaa mahali pamoja, na vingi vilikuwa na pembe kubwa iliyochomoza juu.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1914, pale kampuni ya Barnett Samuel ya London ilipotoa kinanda kidogo cha kubeba kilichoitwa Decca. Vita Kuu vya kwanza vilipozuka, askari wa Kiingereza walikichukua mpaka mahandakini. Makampuni mengine yakafuata, na mwaka 1931 HMV, kampuni yenye alama ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ikatoa namba 102, ambayo wengi hukihesabu kuwa miongoni mwa vinanda bora vya mkononi vilivyopata kutengenezwa.

Kinanda hicho hakikuhitaji umeme. Ndani yake mlikuwa na kamani mfano wa ya saa kubwa. Mpigaji alichomeka mkono wa chuma ubavuni, akatia ufunguo mpaka kamani ikakaza, kisha akaiachia sahani izunguke mara 78 kwa dakika. Sindano ya chuma ilipita katika mfereji wa sahani na kutikisika. Mtikisiko huo ukapokewa na utando mwembamba katika kichwa cha kinanda, na sauti ikapita katika bomba lililofichwa ndani ya sanduku. Hapakuwa na kitufe cha kuongeza wala kupunguza. Aliyetaka sauti kubwa alitia sindano nene, na aliyetaka ya upole akatia nyembamba. Sindano ziliuzwa katika vikopo vidogo vya bati, aghalabu 200 kwa kopo, na kila ulipochezwa upande mmoja ilipasa sindano ibadilishwe, la sivyo ingekwaruza sahani.

Sahani zenyewe zilifanywa kwa lakiri, utomvu unaotokana na wadudu wadogo waishio mitini, hasa nchini India, ukachanganywa na vumbi la mawe. Sisi tuliofanya kazi maofisini tuliijua lakiri kwa kufungia bahasha za siri, na tunajua tabia yake: ni ngumu, yang'aa, nayo huvunjika kama kigae. Tabia hiyo ndiyo iliyoamua sehemu kubwa ya habari nitakayoieleza.

Kiswahili kinaingia katika sahani

Kwa miaka mingi aliyenunua kinanda katika pwani yetu alisikiliza lugha za watu wengine, Kiarabu, Kihindi au Kiingereza. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba katika kisiwa cha Unguja, alivuka bahari pamoja na wenzake kwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya HMV. Huyu ni mwanamke ambaye katika ujana wake alitembea na vyungu kichwani akiviuza, ndipo akajifunza uimbaji mjini. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kila kijana wa ukoo huu anayesoma Kiswahili ingemfaa ausome.

Sahani zile zilinunuliwa kwa shauku ambayo wenye kampuni hawakuitarajia. Siti na wenzake, wakiwamo Maalim Shaaban, Mbaruku, Subeti na Budda, wakarekodi tena, na kufika mwaka 1930 makampuni ya Odeon na Columbia nayo yakatafuta waimbaji wa pwani. Mtu wa Mombasa, Tanga au Tabora ambaye hakupata kumwona Siti kwa macho aliweza kumsikia akiimba kwa lugha yake.

Kubebeka kwa kinanda ndiko kulikoleta tofauti. Nyumba nyingi za Ng'ambo hazikuwa na umeme, wala vijiji vya mashamba. Kinanda cha kamani kilifika kote huko, kichwani, kwa baiskeli au kwa mashua. Wenye migahawa walikiweka barazani kuvuta wateja. Wakubwa wetu watakumbuka kwamba kinanda cheusi cha babu hakikuwa na nyumba moja. Kilizunguka baina ya Unguja, Tanga na Mombasa pamoja na mtu yeyote wa ukoo aliyesafiri kwenda harusini, na kila kilipofika majirani walijaa uani. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Na mgeni aliyekuja na kinanda alimponya mwenyeji na mtaa mzima.

Mimi nilikikuta kikiwa kizee, na kazi yetu sisi watoto ilikuwa kutia ufunguo. Upande mmoja wa sahani ulichukua kama dakika tatu tu. Wimbo ambao katika hafla ungeweza kuimbwa kwa muda mrefu, waimbaji wakitunzwa na kurudia beti, ilibidi ukatwe au ugawanywe pande mbili. Kwa hiyo katika kila dakika tatu palikuwa na kituo: sahani igeuzwe, sindano ibadilishwe, ufunguo utiwe. Katika vituo hivyo ndipo watu wazima walipozungumza. Mmoja aliuliza maana ya ubeti, mwingine akaeleza ulimhusu nani, wa tatu akamkatalia. Mengi ninayoyajua ya mji wetu wa zamani niliyasikia wakati sahani imesimama.

Nyimbo zenyewe zilitaka maelezo, kwa kuwa Siti na wenzake waliimba habari za mji kwa mafumbo. Mfano ni wimbo wa Kijiti. Ulihusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja. Muuaji alitoroka kwenda Bara, na walioadhibiwa wakawa wanawake wenyeji waliokuwa pamoja na marehemu. Mahakama ilifunga jalada lake, lakini wimbo uliendelea kuzunguka juu ya sahani, na hukumu ya watu wa mtaani ikabaki ikisikika. Asiyeelezwa kisa hicho husikia sauti nzuri ya mwanamke, asijue kuwa anasikiliza ushahidi.

Kutoka kamani hadi betri

Siti alifariki mwaka 1950, na mwaka uliofuata Sauti ya Unguja ikaanza kutangaza. Wengine walidhani redio ingeua santuri, lakini ilizidi kuipa wapenzi. Katika miaka ya 1950 sahani zilikuwa zikishindiliwa Nairobi kwenyewe, na Mombasa kulikuwa na duka la Assanand lililotoa sahani zenye jina la Mzuri. Nyimbo zilivuka mipaka pande zote. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, na sahani zake zikapendwa mpaka Afrika Mashariki. Kiswahili chake cha Kongo kilikuwa na ladha nyingine, lakini tulikielewa.

Sahani nazo zilibadilika. Zile za mizunguko 33 zilitolewa Marekani mwaka 1948 na zile ndogo za mizunguko 45 mwaka 1949, zote kwa plastiki iliyo nyepesi na isiyovunjika upesi. Vikafuata vinanda vya betri vyenye transista, ambavyo havikutaka ufunguo na vilikuwa na kitufe cha sauti. Vijana wa miaka ya 1960 walivichukua ufukweni siku za sikukuu, na hivi ndivyo wengi wa rika langu wanavyovikumbuka kwa furaha. Huko Uingereza vijana wa wakati ule walikuwa na Dansette, ambacho kilibebeka lakini kilihitaji umeme wa ukutani.

Kutawanyika

Mapinduzi ya Januari 1964 na miaka iliyoyafuata yaliutawanya ukoo wetu. Sina haja ya kurudia yale ambayo kila nyumba inayajua kwa uchungu wake. Nataka kutaja jambo moja dogo. Aliyeondoka kwa haraka alichukua hati, dhahabu kidogo kama ilikuwapo, nguo na watoto. Kinanda kilikuwa na mpini na kingeweza kubebwa, lakini sahani 30 za lakiri ni mzigo mzito, na pigo moja la bandarini lilitosha kuzivunja. Zikaachwa kwa jamaa, zikauzwa, au zikasahauliwa darini. Zilizofika Uarabuni na Ulaya zilifika mbili tatu, zimefungwa ndani ya kanga.

Baadaye ikaja kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, nayo ikawafaa sana watu waliotengana. Tuliomo katika kijitabu hiki tulilelewa kwa barua za kaseti. Shangazi alizungumza upande mmoja, na upande wa pili akatuwekea taarabu. Baadhi ya nyimbo hizo zilinaswa kutoka kwenye sahani za zamani, na ukitega sikio utausikia mkwaruzo wa sindano nyuma ya mwimbaji.

Zilizobaki mikononi mwetu

Leo vinanda vya mkononi vimerudi madukani. Marekani, katika mwaka 2022, sahani za plastiki ziliuzwa nyingi kuliko diski za CD, jambo ambalo halikutokea tangu mwaka 1987. Nafurahi kuona mjukuu akiinua kifuniko na kushusha sindano kwa utulivu. Lakini napenda ajue kwamba sura ya sanduku ndiyo sehemu ndogo ya tulichokipenda. Kinanda kile kililazimisha watu wakae pamoja, wasikilize kitu kimoja na wakieleze. Anayesikiliza peke yake chumbani amepata chombo, bado hajapata baraza.

Baraza hilo twaweza kulirudisha, lakini wakati unatupita. Katika nyumba zetu zimesalia sahani za zamani chache, na wanaoweza kutueleza mafumbo ya nyimbo zile ni wachache kuliko sahani. Sahani ikivunjika, huenda nakala nyingine ikapatikana kwa mkusanyaji fulani duniani. Mzee akiondoka na maelezo yake, hakuna duka litakalotuuzia.

Kwa hiyo naomba mambo manne kabla ya mkutano ujao. Kwanza, kila nyumba iliyo na sahani iandike orodha yake, pamoja na jina la kampuni na namba iliyopigwa chapa kwenye karatasi ya katikati, na jina la jamaa aliyekuwa mwenye sahani hiyo. Pili, sahani zihifadhiwe zikiwa zimesimama wima, mbali na joto na jua, wala zisilazwe chini ya mizigo. Tatu, vijana wasizicheze sahani za mizunguko 78 kwa sindano ya vinanda vya sasa. Mfereji wa sahani za zamani ni mpana karibu mara tatu ya ule wa sahani za plastiki, na sindano nyembamba hutambaa chini yake ikiokota kelele. Iko sindano maalumu ya 78. Itumike hiyo, na sauti ihifadhiwe katika kompyuta mara moja, sahani ikapumzike. Nne, na hili ndilo ninalolisisitiza, kila sauti ikishahifadhiwa isikilizwe mbele ya mzee mmoja au wawili. Isimamishwe kila ubeti, waulizwe, na majibu yao yarekodiwe pamoja na wimbo.

Wazee wakibishana, ubishi wao nao urekodiwe. Hata zamani hawakukubaliana.

Mkutano ujao nitaleta sahani nne nilizo nazo, na kopo la sindano ambalo bado lina sindano ndani yake. Nawaomba na nyinyi mje na zenu, mzifunge vyema.